Chakula cha chumvi cha Halloween kimegoma? Tafuta dalili yako hapa

Tarehe 31 Oktoba ikikaribia watu wengi akili inaenda kwenye peremende na keki tu, halafu usiku wa pati wageni wanafika na njaa ya kweli wanakuta meza nzima ni sukari, watoto washaanza kurukaruka na watu wazima wanatafuta kitu cha chumvi cha kushikia tumbo hawakioni. Ndo maana mimi napigania sana upande wa chumvi: soseji zilizoviringwa kama mumia, mayai yenye buibui, hoho zenye sura ya boga, vidole vya mchawi vya mkate, mizuka ya viazi. Ni vyakula vya kawaida kabisa, ila vimepewa sura ya kutisha.

Nimevipika miaka kadhaa sasa na nikikumbuka vyote vilivyoniharibikia, karibu kila mara mkosaji hakua mkono wa kuchora wala ubunifu, alikua ni maji. Maji ya kwenye soseji, maji ya hoho, maji ya zeituni iliyotolewa kwenye kopo ikawekwa hivyohivyo juu ya yai, mvuke wa kitu kilichofunikwa kikiwa bado cha moto. Anayemfuata kwa ubaya ni kupamba mapema. Kwa hiyo usishangae ukiona narudia kausha, poza, macho yaje mwisho, narudia kwa sababu ndo dawa yenyewe. Nyuzi zote za joto hapa ni za Selsiasi. Nenda moja kwa moja kwenye kinachokusumbua.

Soseji za mumia: sanda imefunguka, au imevimba mpaka mumia haonekani

Hii ndo inayolalamikiwa sana kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Unakata pestri ya matabaka kuwa vipande virefu vyembamba kama bendeji, unaviringa kwenye soseji, unaacha nafasi ya macho, unaoka. Inaonekana rahisi na kweli ni rahisi, ila pestri ina tabia yake: ndani kuna matabaka ya mafuta baridi katikati ya matabaka ya unga, ikiingia kwenye oveni yenye moto wa kutosha yale maji ya ndani yanageuka mvuke kwa ghafla na kuinua matabaka. Mafuta yakishayeyuka mezani wakati bado unaviringa, matabaka yanashikana, hakuna kinachoinuka, unapata kitu kizito chenye kung'aa mafuta.

Kama sanda imefunguka, angalia mambo matatu. Kwanza soseji ilikua na maji au mafuta juu, pestri haikushika, kwa hiyo futa kila soseji kwa karatasi ya jikoni mpaka ikauke kabisa kabla ya kuviringa. Pili ulivuta pestri kwa nguvu ili izunguke vizuri, na pestri ikivutwa inarudi nyuma ikipata joto kwa hiyo inakatika au inajifungua, we ilaze tu taratibu bila kuivuta. Tatu ncha zimeachwa juu, zipeleke chini ya soseji ili uzito wa soseji uzikalie.

Kama sanda imevimba mpaka umepata mkate wenye soseji ndani, ulikata vipande vipana. Mimi nakata nusu sentimita, isizidi sentimita moja, na naacha uwazi kati ya mzunguko na mzunguko kwa sababu ule uwazi utajazwa na kuvimba. Sehemu ya uso iachie sentimita 2 hivi, inaonekana kubwa mno ikiwa mbichi lakini ikitoka inakua sawasawa. Halafu usifanye mistari iliyonyooka kama skrubu, pishanisha, mmoja uende huku mwingine urudi kule, hapo ndo inafanana na bendeji ya kweli.

Ukimaliza kuviringa trei nzima iingie friji dakika 15 hadi 20. Hii hatua watu wanairuka kwa haraka na ndo inayookoa kila kitu. Oveni iwe imeshafika nyuzi 200 kabla trei haijaingia, dakika 18 hadi 22 zinatosha. Yai la kupaka liguse juu tu, likitiririka kwenye kingo zilizokatwa linagundisha matabaka na hayainuki.

Chini pamelowa

Soseji mbichi inatoa mafuta na maji ikiiva na yote yanaishia kwenye pestri ya chini. Tumia soseji ambazo tayari zimeiva, au zikaange kwanza na uziache zipoe kabisa, kabisa kabisa, maana soseji ya vuguvugu inayeyusha mafuta ya pestri palepale mkononi. Zikitoka oveni zisikae kwenye trei ya moto, zihamishie kwenye waya wa kupozea ili mvuke utoke chini. Na usizifunike na foili eti zisipoe, foili inarudisha mvuke wote ndani na ndani ya dakika 10 ukaukaji wote umepotea.

Soseji ikipasuka, mvuke wa ndani ulikosa njia. Itoboe kwa kijiti cha meno mara mbili tatu upande ambao utafunikwa.

Macho yameyeyuka? Uliweka mayonezi soseji ikiwa ya moto. Mayonezi ni mafuta na maji yaliyoshikanishwa na yai, joto linayatenganisha na unabaki na tone la mafuta linalotiririka kwenye shavu la mumia. Subiri dakika 10, tone dogo la mayonezi, juu yake kipande kidogo cha zeituni nyeusi au mbegu moja ya ufuta mweusi. Tone likiwa kubwa mumia anaonekana ameshtuka, likiwa dogo anaonekana mkali, chagua mwenyewe, mimi nachanganya.

Mayai ya buibui: kiini kina duara la kijani

Haya ni mayai ya kuchemsha yaliyokatwa nusu, kiini kikapondwa na mayonezi na kurudishwa ndani, juu yake buibui wa zeituni. Hapa nikwambie ukweli, kwa Halloween lile duara si janga, kuna wanaolipenda. Lakini linakuja na harufu ya kiberiti na kiini kikavu, na hiyo hakuna anayeipenda. Yai likichemka sana, ute unatoa gesi yenye salfa, gesi inakutana na madini ya chuma kwenye kiini, zinatengeneza ile rangi ya kijani kijivu mahali ute na kiini vinapogusana. Dawa ni muda na baridi: mayai makubwa dakika 10 hadi 11 kwenye maji yanayochemka taratibu, halafu moja kwa moja kwenye maji yenye barafu kwa dakika 10 au zaidi. Ukiyaacha yapoe yenyewe kwenye sufuria yanaendelea kuiva ndani hata kama umezima moto.

Ganda linatoka na nyama ya yai

Mayai ni mapya mno. Yai jipya ute wake umeshikana na ngozi ya ndani ya ganda, likikaa friji wiki moja hivi gesi ya kaboni inatoka kidogo kidogo kupitia vitundu vya ganda, ute unapungua uchachu na mshikano unalegea. Kwa hiyo mayai ya pati nunua wiki moja kabla. Kama unayo mapya tu, yatumbukize kwenye maji ambayo tayari yanachemka badala ya kuanza na maji baridi, joto la ghafla linagandisha ute kabla haujashikana na ngozi. Yamenye ndani ya bakuli la maji, anzia upande mnene wenye ule mfuko wa hewa.

Na kama kiini kimekaa pembeni, yaani upande mmoja wa yai umekua mwembamba mpaka unapasuka ukijaza, yageuze geuze taratibu kwa kijiko dakika 2 au 3 za mwanzo yakiwa yanachemka.

Mchanganyiko wa kiini ni maji maji, buibui anateleza

Hizi shida mbili zinakuja pamoja. Mayonezi yaingie kidogo kidogo, kwa mayai 6 mimi naanza na vijiko vikubwa 3 halafu naangalia, na kama unaongeza haradali au siki ya achari kumbuka nayo ni maji. Ikishalegea ongeza kiini kingine kilichoiva kama unacho, au jibini laini ya kupaka, halafu friji nusu saa. Ukiongeza unga wa aina yoyote unaharibu ladha, usijaribu.

Buibui mwenyewe ni zeituni nyeusi isiyo na mbegu iliyokatwa nusu kwa urefu, nusu moja ni mwili, nusu nyingine unaikata vipande vyembamba vya miguu. Miguu ni 8, minne kila upande, watoto wanahesabu. Anateleza kwa sababu zeituni imetoka kwenye maji ya chumvi ikiwa imelowa, na yale maji meusi yanachafua kiini cha njano. Ziweke kwenye karatasi ya jikoni robo saa upande uliokatwa ukiangalia chini, halafu mwili ubonyeze kidogo uzame, usiuweke juu juu.

Mayai yenye mishipa: rangi haikuingia

Haya ni yale yaliyochemshwa, ukapasua ganda lote kwa mgongo wa kijiko bila kulimenya, ukaloweka kwenye maji ya rangi, ukimenya unakuta yai limejaa mishipa kama la joka. Mishipa ikikosekana uligonga kwa upole mno, nyufa zimeishia kwenye ganda na ile ngozi ya ndani haijapasuka. Sehemu nzima ikiwa imekolea bila mishipa, ganda lilidondoka kipande. Muda nao ni usiku mzima, ndani ya friji.

Kuhusu rangi yenyewe, maji yaliyochemshiwa kabichi ya zambarau ni mazuri ajabu, ila yanabadilika kulingana na uchachu. Ukitia siki yanakua ya waridi, ukitia magadi ya kuokea chembe ndogo yanaenda buluu, ukizidisha magadi yanaenda kijani na yai linakua na ladha ya sabuni. Kwa hiyo ukitaka buluu ukapata waridi, kuna siki au ndimu imeingia mahali.

Hoho zenye sura ya boga: zimelala, sura imefumba

Hoho ya rangi ya chungwa ukiichonga macho na mdomo halafu ukaijaza wali na nyama ya kusaga, inafanana na boga la Halloween kuliko kitu kingine chochote na mtu mmoja anakula yake nzima. Sura ikifumba ni kwa sababu hoho ikiiva inalegea na kusinyaa, matundu madogo yanapotea. Chonga makubwa kuliko unavyodhani, pembetatu zenye kingo zilizonyooka, na acha angalau sentimita 2 kati ya jicho na mdomo la sivyo nyama ya hapo inakatika na uso unabomoka.

Ikilala imeiva kupita kiasi au uliichemsha kwanza. Usiichemshe. Oveni nyuzi 190, dakika 25 hadi 30, hoho ziwe zimebanana kwenye chombo zikishikana mabega. Chagua zenye vitako vinne chini zinasimama zenyewe, na kama unakata chini ili isimame kata kwa uangalifu isitoboke.

Maji yamejaa ndani? Hoho yenyewe ina maji mengi, na mchanganyiko wako nao ulikua na sosi. Wali uwe umeshaiva na umepoa, nyama ikaangwe mpaka maji yote yakauke, nyanya tumia ya kopo ya nzito siyo mbichi iliyokatwa. Wali mbichi usiuweke ukitegemea utaivia humo ndani, nyuzi 190 kwa nusu saa haitoshi na utapata punje ngumu kama mchanga. Kifuniko chenye kikonyo oka pembeni, ukiifunika hoho wakati inaoka mvuke wote unabaki ndani.

Nilitaka nyeusi nimepata kijivu

Tambi, mikate midogo, sosi, yote yanakumbwa na hili. Rangi ya chakula ya maji maji haina nguvu, unamwaga chupa nzima na donge linakua laini wakati rangi bado ni ya majivu. Tumia rangi ya jeli, na ichanganye kwenye maji kabla ya kuingia kwenye unga, halafu ipe muda, nyeusi inakolea ikikaa. Kitu kingine, anza na kitu ambacho tayari ni cheusi kiasi, unga wa ngano isiyokobolewa unafika weusi kwa rangi kidogo kuliko unga mweupe. Rangi nyingi mno inaacha uchungu na inapaka meno na midomo ya wageni wote, kuna wanaofurahia hilo, wengine wamevaa nguo nyeupe.

Wino wa ngisi unatoa weusi wa kweli na ladha ya bahari, unafaa sana kwenye tambi, ila mwenye mzio wa viumbe vya baharini asiuguse na lazima useme wazi mezani kwamba upo. Kuhusu mkaa ule wa unga unaouzwa kama dawa, mimi naukataa kabisa kwenye chakula cha pati. Unafyonza vitu tumboni na haubagui, hata dawa ambayo mgeni amemeza mchana inaweza isifanye kazi vizuri, vikiwemo vidonge vya uzazi wa mpango. Hujui nani anatumia nini. Zeituni nyeusi iliyosagwa au ufuta mweusi vinatosha kabisa.

Macho ya nyama: jibini imemwagika

Mipira ya nyama ya kusaga yenye duara la jibini nyeupe na zeituni katikati, ndo macho hayo. Watu wanaweka jibini halafu wanaoka mpaka mwisho, jibini inayeyuka inafunika mpira wote na jicho linakua chandarua. Oka mipira mpaka iive kabisa, toa, weka jibini, joto la nyama lenyewe linaishikisha bila kuiyeyusha. Kama nyama imeshapoa rudisha oveni dakika moja, simama hapohapo uangalie.

Mipira ikiwa mikavu na migumu, nyama haikua na mafuta au umeikanda sana. Kwa nusu kilo ya nyama loweka gramu 50 za chenga za mkate kwenye maziwa mililita 80 hadi 100, ziache zivimbe, ndo uchanganye kwa mkono mwepesi. Kipimajoto kikisoma 71 katikati kwa nyama ya ng'ombe imeiva, kuku wa kusaga 74. Na ile damu, yaani sosi ya nyanya, ikiwa nyepesi inatenganisha maji pembezoni mwa sahani inaonekana mbaya bila kutisha. Ichemshe wazi mpaka ukivuta kijiko chini ya sufuria njia inabaki sekunde mbili tatu. Itandaze chini, macho yakae juu yake, usimwage juu.

Mizuka ya viazi imekua vidimbwi

Viazi vya kuponda unavikamua kwa mfuko kuwa vilele vyeupe, unaoka, unaweka macho. Vikisambaa maziwa yalizidi, au viazi vilikua na maji. Ukishachuja virudishe kwenye sufuria ya moto dakika 2 bila kifuniko, utikise, mpaka mvuke upungue. Kwa kilo moja gramu 50 za siagi na viini 2 vya mayai, maziwa kijiko kimoja kimoja tu kama kweli pamekaza. Viini ndo vinashika umbo. Nyuzi 200, dakika 15 hadi 20, na tundu la mfuko liwe pana, sentimita moja na nusu, likiwa dogo linaziba na mzuka anakua mnyoo.

Vikinata kama gundi umetumia blenda. Wanga wa kiazi ukipasuliwa hivyo haurudi tena, hakuna dawa. Lakini usitupe, changanya na unga kidogo na yai, tengeneza vibao vya makaburi, kaanga, vinakua vitamu tu. Viazi na Halloween ni marafiki wa siku nyingi, Ireland ambako sehemu kubwa ya hii sherehe ilianzia walikua wanakula viazi vya kuponda vyenye kabichi usiku huu, wanaita colcannon, wanaficha sarafu au pete ndani kwa kutabiri bahati. Nami napenda kuweka sahani moja yake mezani hata kama haina sura yoyote, ila sarafu siweki, meno ya watu ni ghali.

Macho ya mzuka yasiwe punje nzima za pilipili manga. Yanapendeza kwenye picha tu, mtoto akitafuna moja analia.

Vidole vya mchawi vimekua ndizi

Umesokota vidole vizuri, vimetoka vinene na laini, havina viungo wala kutisha. Donge lilikua laini mno au liliumuka sana baada ya kuviringwa. Donge la vidole liwe kavu kidogo, gramu 300 za unga kwa maji mililita 175 hivi, hamira kidogo. Viringa unene wa penseli, kweli penseli, vitanenepa mara mbili. Kwenye viungo viwili bana kidogo pembeni ili katikati pabaki pamevimba, halafu chora mistari mitatu kwa kisu pale juu, ya kina. Umuko wa pili usizidi dakika 10. Nyuzi 200, dakika 12 hadi 15, na kama mistari imefumba katikati ya kuoka toa upesi uichore tena.

Kucha za lozi zinadondoka kwa sababu donge likivimba linazisukuma. Zibonyeze ndani sana mpaka unadhani umeharibu, na tone la yai chini yake. Ikidondoka baada ya kuiva, ing'oe, weka nyanya nzito ya kopo kwenye shimo, irudishe, inashika na inaonekana kama damu chini ya kucha, mara nyingine naziondoa makusudi nifanye hivyo. Kama kuna mtu mwenye mzio wa lozi au karanga, kata kucha kwenye hoho nyekundu, gundisha na jibini laini baada ya vidole kupoa.

Mifagio imelegea

Mfagio ni jibini ya kuchanika nyuzi nyuzi iliyofungwa kwenye kijiti kikavu cha mkate chenye chumvi kwa jani jembamba la kitunguu. Kijiti kinanyonya maji ya jibini, ukifunga asubuhi jioni kimekua kamba. Chana jibini mapema uiweke friji, kijiti kiingie ndani ya nusu saa ya kula. Jani likikatika ukilifunga, litumbukize kwenye maji ya moto sekunde 10 halafu ya baridi, linakua kama uzi.

Boga linatapika parachichi, na parachichi limekua kahawia

Hii inafurahisha watu wa rika zote, boga limechongwa mdomo wazi na parachichi la kuponda linamwagika kwenye trei. Linabadilika rangi likikutana na hewa, kwa hiyo ndimu au limau kijiko kimoja kikubwa kwa kila parachichi, na likisubiri kwenye friji plastiki ya kufunikia iguse chakula chenyewe, isiwe juu ya bakuli tu ikaacha hewa katikati. Nyanya toa mbegu na majimaji yake, na chumvi itie mwisho maana inavuta maji. Likishakua kahawia juu, kwangua safu ya juu tu, chini bado ni kijani.

Boga lenyewe lichongwe siku hiyohiyo na lisiwe lile lililokaa na mshumaa ndani siku tatu. Boga lililochongwa linaanza kuota ukungu upesi. Weka bakuli ndogo ndani ya mdomo na karatasi au jani chini ya kile kinachomwagika.

Zile mbegu usitupe. Zikiwa ngumu kutafunika kama ngozi, hazikukauka. Zichemshe kwenye maji ya chumvi dakika 10, zikaushe vizuri, mafuta kidogo, oveni nyuzi 170 dakika 15 hadi 20, koroga katikati.

Piza ya mumia: bendeji zimeyeyuka zikawa ziwa

Vipande vya jibini vilikua vyembamba au jibini ilikua ile mbichi ya kwenye maji. Tumia ile kavu kavu, kata unene wa karibu nusu sentimita, oka mkate na sosi kwanza dakika 5, ndo uweke bendeji umalizie dakika 3 au 4. Macho ya zeituni baada ya hapo.

Mezani: chakula kimekaa, watu bado wanacheza

Vyenye mayai, mayonezi, nyama na jibini laini visikae nje ya friji zaidi ya saa 2, na kama pana joto zaidi ya nyuzi 32 basi saa moja. Kati ya nyuzi 4 na 60 bakteria wanaongezeka haraka. Mimi natumia sahani ndogo, natoa mayai 8 kwa mara moja, yakiisha nachukua mengine friji, na meza inaonekana mpya muda wote. Kile kilichopita saa 2 kinatupwa hata kama kinauma.

Wadogo chini ya miaka 5 wasipewe soseji zilizokatwa miduara wala zeituni nzima, vinaziba koo. Kata kwa urefu. Na vijiti vya meno viondoe kwenye sahani yao.

Moshi wa chungu cha mchawi kwa kutumia barafu kavu uwe kwenye chombo cha nje tu, chakula kikae kwenye bakuli jingine juu yake. Ni kaboni dioksidi iliyoganda kwenye nyuzi 78 chini ya sifuri, inaunguza mkono na ikimezwa ni hatari kubwa, na chumba kiwe na madirisha wazi.

Soseji na vidole vikishapoa na kulegea, usivipeleke kwenye mikrowevu, vinakua mpira. Toa macho, rudisha oveni nyuzi 180 kwa dakika 5 hadi 7 moja kwa moja kwenye waya, acha vipumue dakika mbili, halafu weka macho upya.